Kiti Kitupu Hakina Kabila

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama na wapenzi wa chama katika bonde la mto Tana, juu ya uchaguzi wa gavana wa mwaka 2027)



Twajua wako waliotoka Kipini na Garsen, na wako waliotoka Bura na Madogo. Kaunti hii ina zaidi ya kilomita za mraba 35,000, na anayetoka ncha moja kwenda ncha ya pili hujua kuwa amesafiri. Basi hatutapoteza wakati wenu kwa maneno ya kusifiana.

Jambo lililotukusanya ni moja. Jumanne tarehe 10 Agosti 2027 ni siku ya wananchi wa Kenya kupiga kura, na hapa Tana River gavana aliyeko hatasimama. Bwana Dhadho Godhana alichaguliwa mwaka 2017, akachaguliwa tena mwaka 2022, na Katiba ya mwaka 2010 katika kifungu cha 180 yasema mtu asishike ugavana zaidi ya vipindi viwili. Hapana barua, wala ombi, wala azimio la mkutano wa wazee liwezalo kumwongezea mtu kipindi cha tatu. Hatukuja hapa kumsifu wala kumlaumu. Hesabu ya miaka yake kumi ina mahali pake pa kusomwa. Sisi tumekuja kusema juu ya kiti chenyewe, kwa kuwa kiti kisicho na mwenyewe huwatia watu tamaa, na tamaa katika bonde hili tumekwisha kuona inavyoweza kufanya.

MARA YA MWISHO KITI KILIPOKUWA KITUPU

Ndugu zetu, tukumbuke. Uchaguzi wa kwanza wa magavana ulifanywa tarehe 4 Machi 2013. Kiti kilikuwa kipya, hakijakaliwa na mtu. Mwaka 2017 Bwana Hussein Dado, aliyekuwa gavana wa kwanza, alimpisha Bwana Godhana kwa kura za wananchi. Mwaka 2022 Bwana Godhana akarudi. Kwa hiyo mwaka 2027 ni mara ya kwanza tangu 2013 ambapo watakaosimama wote watasimama bila mmoja wao kuwa gavana.

Sasa tujiulize: miezi ile kabla ya Machi 2013 ilikuwaje hapa? Tarehe 22 Agosti 2012 kijiji cha Riketa kilishambuliwa alfajiri, wakauawa watu zaidi ya 50, na wengi wao walikuwa wanawake na watoto. Mwezi wa Septemba likafuata shambulio la Kilelengwani, ambako hata askari polisi waliuawa. Mwezi wa Desemba ikawa zamu ya Kipao. Hata mwaka ulipoingia uliofuata, waliokufa walikuwa wamepita 100, na maelfu walikuwa wamekimbia nyumba zao. Nyumba zilichomwa, mifugo ikakatwa mishipa, mazao yakateketea.

Watu walisema ni ugomvi wa wakulima na wafugaji, wa Wapokomo na Waorma, juu ya malisho na maji. Ndivyo, ugomvi wa maji upo, na baba zetu waliujua. Lakini baba zetu walikuwa na njia za kuumaliza. Mkulima alikuwa na shamba lake kandokando ya mto, mfugaji alikuwa na malka yake ya kuteremshia ng'ombe kwenye maji, na ng'ombe akiingia katika mpunga wazee walikaa, wakatoza faini, mambo yakaisha. Kilichoongezeka mwaka 2012 ni kiti. Wengi waliotazama jambo lile kwa makini walisema wazi kuwa siasa za kugombea madaraka mapya ya kaunti zilichochea moto ambao hapo kale ungezimwa na wazee kwa siku mbili.

Twasema haya kwa uchungu, wala hatutaji jina la mtu, kwa kuwa kufukua makaburi si kazi iliyotuleta. Twayasema kwa sababu kijana aliyekuwa na miaka mitatu wakati ule atakuwa na miaka kumi na minane mwaka 2027, naye atapiga kura yake ya kwanza. Huyo hakumbuki. Na yule anayetaka kumtumia anataka asikumbuke. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na huu ufa twaujua ulipo.

KITI HIKI KILIPATIKANA KWA TABU

Kabla hatujakigombania, tujue kilitoka wapi. Hapa Hola, tarehe 3 Machi 1959, mahabusu 11 waliokataa kazi ya lazima walipigwa na askari wa gereza mpaka wakafa, na wengine wengi wakaumizwa. Serikali ya kikoloni ilitoa habari kuwa watu wale walikufa baada ya kunywa maji ya gari la maji. Uwongo huo haukudumu. Uchunguzi ulionyesha kuwa walikufa kwa kipigo, na mwezi wa Julai mwaka ule jambo lao likanguruma katika Bunge la Uingereza, likawaaibisha watawala mbele ya dunia. Mji huu jina lake lilikuwa limechafuka hata ukaitwa Galole kwa muda.

Uhuru ulikuja mwaka 1963 pamoja na serikali za majimbo, lakini mwaka 1964 haukwisha majimbo hayajavunjwa. Kuanzia hapo mpaka mwaka 2013, mtu mkubwa wa Tana River alikuwa Mkuu wa Wilaya. Aliletwa kwa barua kutoka Nairobi, na aliondoka kwa barua. Akiwa mwema tulishukuru, akiwa mbaya tulisubiri barua nyingine. Hatukuwa na kura juu yake.

Leo mtu huyo tunamchagua sisi. Kaunti yetu hupata kutoka Nairobi zaidi ya shilingi bilioni 6 kila mwaka katika mgao wa haki, na fedha hizo zatumiwa kwa zahanati na hospitali, kwa maji, kwa kilimo na mifugo, kwa barabara za kaunti, kwa masoko, kwa shule za chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini. Haki hiyo wazee wetu hawakuwa nayo. Je, tumepewa haki hiyo ili tuitumie kuhesabiana kabila?

HESABU YA KURA INAVYODANGANYA

Ndugu, tufahamu sheria, maana asiyejua sheria huchezewa. Rais wa Jamhuri ni lazima apate zaidi ya nusu ya kura. Gavana hana sharti hilo. Katiba yasema atakayepata kura nyingi kuliko wenziwe ndiye gavana, hata zikiwa chache namna gani.

Mwaka 2022 waliojiandikisha kupiga kura katika kaunti hii walizidi 140,000. Tuseme mwaka 2027 watakaopiga kura ni 100,000, na kwa kuwa kiti ni kitupu wasimame watu kumi. Mmoja akipata kura 20,000 na wengine wakagawana zilizobaki chini yake, basi amekuwa gavana. Kura 80,000 zimemkataa, naye anatawala watu wote 100,000 kwa miaka mitano.

Hapo ndipo mwenye hila anapoona mlango. Hujiambia: kwa nini nihangaike kuwapendeza watu wa Garsen, Galole na Bura wote? Nikiwafunga pamoja watu wa ukoo wangu, na nikawatisha kuwa wale wengine wakishika kiti watawanyang'anya mashamba au watawafungia malka, nitapata hizo 20,000. Hofu haimgharimu kitu. Kisima kingemgharimu fedha, na zahanati ingemgharimu kazi. Kwa hiyo anauza hofu.

Na yuko wa namna ya pili, mwerevu zaidi. Huyu huja na mapatano: wewe uwe gavana, mimi niwe naibu, yule awe seneta, na huyu tumpe uspika. Sheria yamtaka kila mgombea achague naibu wake kabla ya kura, na si vibaya gavana na naibu wake wakitoka pande mbili za mto. Sisi wenyewe twataka hivyo. Katika kaunti kadhaa za kaskazini mashariki wazee wa koo wamekuwa wakikaa na kugawa viti namna hiyo, na wanaoisifu desturi hiyo husema imewaepusha na vita. Tusiwadharau. Lakini tuulize swali moja tu: katika mapatano hayo, pamoja na kugawana viti, kuna neno lolote juu ya maji? Kuna neno juu ya malka? Kama hakuna, basi wakubwa watatu wamegawana mkate, na mwananchi ameambiwa ashangilie harufu.

Tena tumtazame naibu kwa macho mawili. Gavana akifa, akijiuzulu au akiondolewa, naibu ndiye anayekalia kiti mpaka mwisho wa kipindi. Haya si maneno ya mbali. Mwaka 2020 peke yake Seneti iliwaondoa magavana wawili, wa Kiambu mwezi Januari na wa Nairobi mwezi Desemba. Mtu usiyemtaka awe gavana, usimkubali awe naibu kwa kuridhisha ukoo.

VITA VYA KWANZA VIMO NDANI YA CHAMA

Sasa tuje nyumbani kwetu. Kiti kikiwa na mwenyewe, wanaotaka kugombea huwa wachache, kwa kuwa kila mmoja anaogopa nguvu za aliyeko. Kiti kikiwa kitupu, kila mwenye gari jipya hujiona gavana. Wengi wao watakuja kwetu kutaka tiketi ya chama. Kwa hiyo vita vya kwanza vitapiganwa humu ndani, miezi mingi kabla ya Agosti, na hapo ndipo twaweza kushinda au kujiharibia wenyewe.

Mmeona sehemu nyingi za nchi hii jinsi kura ya mchujo inavyoharibiwa. Masanduku huchelewa mpaka usiku. Wasio wanachama hubebwa kwa malori. Matokeo husomwa hotelini badala ya kusomwa kituoni. Kisha cheti hupewa aliyeshindwa, kwa kuwa anamjua mkubwa fulani. Na wanachama walioamka alfajiri kupanga foleni hurudi nyumbani wakiapa kuwa hawatapiga kura tena. Chama kinachowafanyia hivyo watu wake hakina haki ya kulia kikiibiwa na wengine.

Sheria ya vyama vya siasa yakubali njia mbili: wanachama wote wapige kura, au wajumbe waliochaguliwa wapige kura kwa niaba yao. Yaweza pia watu kukubaliana juu ya mmoja bila kupiga kura. Sisi twasema hivi. Makubaliano ni mema yakifanywa mchana, mbele ya wanachama, na kila aliyejitoa akasema kwa kinywa chake kuwa amejitoa kwa hiari. Makubaliano yaliyofanywa usiku katika nyumba ya tajiri ni mnada. Na kama hakuna makubaliano, basi wanachama wenyewe wapige kura, kwa orodha ya wanachama iliyo safi.

Orodha hiyo ndiyo kazi yetu ya kwanza. Kila tawi lisome majina yake kwa sauti mbele ya wanachama wenyewe. Aliyekufa aondolewe. Aliyeandikishwa bila kujua aulizwe. Aliyehama aseme amehamia wapi. Kazi hii haina ngoma wala picha katika magazeti, lakini chama kisichojua wanachama wake ni akina nani hakiwezi kujua ni nani aliyewachagulia mgombea.

Na anayeshindwa kwa haki akubali. Anayeona ameonewa, njia ipo: aanze katika baraza la chama, na asiporidhika aende katika Mahakama ya Migogoro ya Vyama vya Siasa. Asiende barabarani kuchoma matairi. Anayetaka kusimama bila chama pia ana haki yake, maana Katiba yamruhusu, mradi awe ametoka chamani angalau miezi mitatu kabla ya uchaguzi. Lakini asikae nasi mchana akila chakula chetu, na usiku akawa anajenga mashua yake ya kutorokea.

MASWALI YA KUWAULIZA

Basi wagombea watakuja. Watakuja na kofia na kanga na fulana. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na wengi watainama sana mwaka huo. Sisi tuwaulize maswali, na tuyaandike majibu yao katika daftari la tawi.

La kwanza ni mto. Mto Tana ndio mrefu kuliko yote ya Kenya, lakini wetu ni mkia wake. Huko juu yamejengwa mabwawa ya umeme, Kindaruma lilifunguliwa mwaka 1968 na Masinga mwaka 1981, na mengine kati yao. Taa za Nairobi zawaka kwa maji yale. Mvua zikizidi na mabwawa yakijaa, maji huja kwetu. Mwisho wa mwaka 2023, na tena mwezi wa Aprili na Mei 2024, vijiji vya kandokando ya mto vilizama, watu wakalala juu ya matuta na watoto wao. Mvua zikikosekana, mifugo hufa. Mwaka huu twazama na mwaka ujao twafa kiu, na mto ni ule ule. Mgombea atuambie: atakaa vipi na wenye mabwawa ili tupate habari mapema kabla ya maji kuachiliwa? Vijiji vinavyozama kila mara atavipa ardhi ya juu iliyo na hati, au atavipa mahema kila mwaka?

La pili ni mashamba ya umwagiliaji. Shamba la Hola lilianzishwa katika miaka ya 1950 kwa jasho la mahabusu. Mwaka 1989 mto ulihama njia yake, mashine za kuvuta maji zikabaki kwenye mchanga, na mradi ukafa kwa miaka mingi. Bura nako mashine zilikula fedha za mafuta mpaka wakulima wakakata tamaa. Na kila mahali palipoachwa, mathenge umeota, mti ulioletwa kuzuia jangwa nao ukaja ukafunga njia za mifugo na kutoboa miguu ya mbuzi. Miradi hii mikubwa ni ya serikali ya Nairobi, twajua. Lakini kilimo ni kazi ya kaunti, na gavana ana mdomo. Atasema nini huko, na hapa atafanya nini juu ya mathenge?

La tatu ni malka. Hili ndilo swali lenyewe, na mgombea atataka kulikwepa kuliko yote. Njia za mifugo kwenda mtoni zichorwe katika ramani, zipimwe, ziwekwe mawe ya mipaka, na bunge la kaunti litunge sheria yake. Mkulima ajue shamba lake linaishia wapi. Mfugaji ajue ng'ombe wake atapita wapi mwezi wa kiangazi. Mgombea akikuambia jambo hili ni nyeti na tungoje, ujue kuwa analitunza kama mtu atunzavyo kiberiti. Akiwa tayari kulisema Garsen mbele ya wafugaji na kulirudia vile vile Ngao mbele ya wakulima, huyo ana moyo wa kuwa gavana.

La nne ni deni. Gavana anayeondoka huacha kiti, na huacha pia vitabu vya hesabu. Katika mwaka 2025 kaunti zote 47 kwa jumla zilikuwa na madeni ya zaidi ya shilingi bilioni 150 kwa watu walioleta dawa, waliojenga madarasa, waliopika chakula cha mikutano na wasilipwe. Nyuma ya kila deni yuko mfanyabiashara mdogo aliyekopa benki, na benki imemuuzia shamba. Gavana mpya hupenda kusema kuwa madeni hayo si yake. Ni ya kaunti, nayo kaunti haifi wala haihami. Basi kila mgombea aahidi mbele yetu kuwa atatangaza orodha ya madeni, atalipa yaliyo ya kweli kwa kufuata zamu, na atapeleka ya uwongo kwa wapelelezi. Na aseme pia ni mangapi ya maendeleo atakayofanya, maana sheria ya fedha za umma yataka angalau asilimia 30 ya bajeti iende kwenye maendeleo, na mishahara isipite asilimia 35 ya mapato.

La tano ni wajumbe wa bunge la kaunti. Tana River ina wadi 15. Gavana bila bunge lenye macho ni kama mfalme. Tukichagua gavana kwa akili halafu wajumbe wa wadi kwa shilingi mia mbili, tumejenga nyumba yenye mlango wa chuma na ukuta wa makuti. Mjumbe ndiye anayepitisha bajeti, ndiye anayemhoji waziri wa kaunti, na ndiye anayepokea maneno ya Mkaguzi Mkuu. Ripoti za Mkaguzi hutoka, ziko wazi kwa kila mtu. Ni wajumbe wangapi waliosimama katika mkutano wa hadhara wakawasomea watu wao?

KINA MAMA NA VIJANA

Twataka kusema neno juu ya mama zetu. Mwaka 2017 wanawake watatu walichaguliwa kuwa magavana katika Kenya nzima, na mwaka 2022 wakawa saba, mmoja wao wa Kwale. Hapa Tana River hatujapata hata mmoja. Siku ya mafuriko mama ndiye anayebeba mtoto mgongoni na sufuria kichwani. Siku ya Riketa kina mama ndio waliokufa kwa wingi. Anayekufa wa kwanza vita vinapokuja asiwe wa mwisho kuulizwa maoni. Kiti kikiwa kitupu, hakuna anayeweza kusema kuwa mama anamnyang'anya mtu mahali pake. Mwenye uwezo na elimu sheria inayoitaka ajitokeze, nasi tumpime kwa maswali yale yale matano, bila huruma na bila dharau.

Na ninyi vijana, mtafuatwa sana. Mtapewa pikipiki za kukodi, mafuta, na kazi ya kupiga kelele. Watakaowapeni fedha za kupiga kelele baadaye watawapeni fedha za kumpiga mtu. Siku hiyo mkumbuke kuwa mtoto wa mgombea hatakuwa nanyi pale kichakani. Atakuwa Nairobi au ng'ambo, anasoma. Fahali wawili wapiganapo ziumiazo ni nyasi, na mwaka 2012 nyasi zilikuwa vijana wa rika lenu.

KAZI IANZE LEO

Ndugu zetu, tusiondoke hapa na maneno matupu. Tunaomba mkutano huu ukubali mambo manne.

Moja, kila tawi lisafishe orodha yake ya wanachama, na kila mwanachama aliyefika miaka 18 mwenye kitambulisho aende akajiandikishe kupiga kura. Anayesema kura yake moja haina kazi akumbuke ile hesabu ya watu kumi: pale kura mia moja zaweza kuweka gavana.

Mbili, mgombea wa chama apatikane mchana, kwa kura au kwa makubaliano ya wazi, na matokeo yasomwe pale pale palipopigiwa kura.

Tatu, kila anayetaka tiketi yetu ajibu yale maswali matano kwa maandishi, na karatasi hiyo ibandikwe katika ofisi ya kila tawi mpaka kipindi chake kiishe.

Nne, katika kila kijiji kilicho mpakani mwa shamba na malisho, wanachama wetu wakulima na wanachama wetu wafugaji waunde kamati moja, kuanzia mwezi huu. Uvumi ukitokea kuwa fulani wamekuja usiku na mikuki, kamati hiyo iende pamoja ikatazame kabla mtu hajashika panga. Mwaka 2012 uvumi ulitembea haraka kuliko serikali. Sisi wenyewe tukitembea pamoja, twaweza kuuwahi.

Tukifanya hayo, mgombea wetu aweza kushinda, na aweza kushindwa. Akishinda, tutakuwa na karatasi yake ukutani. Akishindwa kwa haki, tutampa mkono aliyeshinda, na tutampelekea yale yale maswali matano, kwa kuwa mto haumwulizi mtu ametoka chama gani unapojaa. Lakini hatutakubali, akishinda huyu au yule, kuzika tena watoto kwa sababu ya kiti. Watu 11 waliouawa katika mji huu mwaka 1959 hawakuwa wa kabila za bonde hili. Waliletwa kutoka mbali wakiwa na pingu, na damu yao ikaingia katika ardhi yetu, na hapana aliyeuliza ilikuwa ya nani. Nasi tusiulize.

Sasa tunamwomba mwenyekiti afungue maswali, na wa kwanza waulize wale waliotoka mbali.

Harambee!